Yasiozee Shambani: Namna ya Kuchagua, Kutunza na Kutumia Mabibo

Kuanzia Oktoba, pita shamba lolote la mikorosho Tandahimba, Newala au kule Ruangwa, utakuta hali ileile: korosho zimeshatiwa kwenye gunia, mabibo, ile sehemu laini yenye majimaji inayobeba korosho, yamebaki chini yanagombewa na nyuki. Bibo huwa na uzito wa mara nane hadi kumi ya korosho yake, kwa hiyo mtu akipeleka kilo 100 ghalani, ujue ameacha shambani karibu tani nzima ya tunda. Sehemu yake hukaushwa ikawa kochoko, na kochoko sote tunajua inaishia kwenye mapipa ya wapika pombe. Mimi nasindika mabibo kwa ajili ya kuliwa na kunywewa na watoto, na niliyoandika hapa ni kwa mwenye nia hiyo.

Hatua ya 1: Jua mti, usidanganywe na rangi

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mekundu na ya manjano, yapi bora? Sokoni watu hukimbilia mekundu kwa sababu yanapendeza. Lakini rangi haikuambii kitu kuhusu ukakasi, na ukakasi ndio unaoamua bibo lako litafaa kwa kazi gani. Kinachokuambia ni mti.

Sababu yake ni kwamba mikorosho yetu mingi ya zamani ilipandwa kwa mbegu, na ua la mkorosho huweza kupokea mbelewele za mti mwingine kwa njia ya wadudu. Kila mbegu basi huota na tabia yake. Unaweza kukuta miti miwili iliyopandwa na babu mmoja, mwaka mmoja, mstari mmoja, huu unatoa bibo tamu lenye maji, ule wa pili unakukaba koo. Miche ya kubebesha, yaani iliyounganishwa kwa kitawi cha mti mwingine, iko tofauti, inafuata mti kilikotoka kitawi hicho. Ukionja mmoja, umeonja safu yote ya aina ile. Ila usidhani mche wa kubebesha ndiyo lazima uwe na bibo tamu. Watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, wamechagua aina zao hasa kwa kuangalia mavuno na ubora wa korosho pamoja na uvumilivu wa magonjwa. Utamu wa bibo ni bahati yako.

Kwa hiyo fanya hivi. Msimu unapoanza, zunguka shamba asubuhi ukiwa na kisu, chupa ya maji na vitambaa vya rangi tatu. Onja bibo moja lililoiva la kila mti. Kati ya mti na mti sukutua kinywa, kwa sababu ukakasi hujilimbikiza ulimini, na usiposukutua mti wa tano utauona mbaya hata kama hauna kosa. Mti wenye bibo tamu lisilokaba, funga kitambaa cha rangi ya kwanza: hilo ni bibo la kula hivihivi. Wenye maji mengi lakini unakaba kiasi, rangi ya pili: wa juisi. Wenye nyama ngumu, maji haba na ukali, rangi ya tatu: wa kupika na kukausha. Kazi hii ukiifanya msimu mmoja, huirudii. Mti haubadiliki tabia.

Kama unanunua kwa watu, usikubali mabibo yaliyochanganywa ya miti yote kwenye ndoo moja. Mwambie anayekuuzia akuletee ya mti mmoja mmoja, na uonje mbele yake.

Hatua ya 2: Uliza kuhusu dawa

Salfa ya unga kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiri unga hupulizwa zaidi miezi ya maua, Juni hadi Septemba, na mara nyingi bibo linapoiva imeshapita. Viuatilifu vya maji vya kuzuia mbu wa mikorosho ndivyo vya kuogopa, kwa sababu wengine hupuliza hata mti ukiwa na matunda. Kila chupa ina lebo inayosema zipite siku ngapi kabla ya kuvuna. Mwenye shamba akikosa kukumbuka alipuliza lini, yaache mabibo yake. Kuosha hakutoi kila kitu.

Hatua ya 3: Kuchuma bila kugombana na mwenye korosho

Bibo, kwa hakika, si tunda lenyewe. Ni kikonyo kilichovimba. Tunda ni korosho, nayo hufikia ukubwa wake kwanza, halafu bibo ndipo hunenepa haraka siku za mwisho. Ndiyo maana ukitaka kujua kama bibo limekomaa, tazama chini yake: korosho iwe ya kijivu na ngumu. Ikiwa bado ina ukijani, usiiguse. Bibo litakuwa kali, na korosho itasinyaa na kushushwa daraja ghalani. Hapo mwenye shamba ana haki ya kukufukuza.

Mkulima huokota korosho zilizodondoka, na ni sawa kwake, lakini bibo lililoanguka kutoka juu limeshapondeka. La kuliwa bichi au kuuzwa sokoni lichume mtini kwa mkono: lishike kwa kiganja, lizungushe kidogo. Lililo tayari linakuja lenyewe, linalong'ang'ania liache mpaka kesho. Kwa matawi ya juu, tandika turubai au chandarua cha zamani chini ya mti, kikiinuliwa pembe zake kisiguse ardhi, kisha tikisa tawi polepole.

Ya kuokota chini si ya kutupa. Yachukue asubuhi mapema, yaliyoanguka usiku ule, kabla jua halijapanda, na uyapeleke moja kwa moja kwenye juisi. Yenye ngozi iliyochanika, yenye harufu ya pombe au yenye mchwa, hayo ni ya mifugo.

Kuna jambo la mvua pia. Mabibo ya Oktoba na mwanzo wa Novemba, kabla mvua hazijachanganya, huwa na sukari iliyokolea na huwa rahisi kukausha. Mvua zikishika, yanajaa maji na kupasuka. Kwa hiyo mimi hukausha mwanzo wa msimu, na Desemba ikifika nabaki na juisi na jemu tu.

Chukua tenga pana au kreti, tabaka mbili au tatu basi. Gunia ni adui wa bibo.

Hatua ya 4: Kutenganisha na korosho

Usiing'oe kwa meno. Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma, na ndiyo hayo yanayoacha midomo ya watoto wetu na vidonda kila msimu. Chukua uzi wa nailoni au wa kushonea viatu, uzungushe pale bibo linapokutana na korosho, kisha vuta. Inakatika safi, bila bibo kuchanika na bila mafuta kugusa nyama. Kisu kinafaa pia, lakini kikikosea kidogo kinakata ganda na mafuta yanaingia kwenye bibo. Vaa nguo kuukuu: maji ya bibo yakigusa kanga mpya, doa lake la kahawia utazikwa nalo.

Ambaye korosho humdhuru mwilini, asijaribu mabibo kabla ya kumwona daktari.

Hatua ya 5: Kutunza

Kwa joto letu la pwani, bibo halilali mara mbili. Ulilochuma asubuhi, kesho asubuhi limeanza kulegea na kuchacha. Hiyo ndiyo sababu hulioni likisafirishwa kwenda Dar es Salaam kama embe. Panga kazi yako ukijua hivyo: kama huna mtu wa kukusaidia mchana, usichume kingi asubuhi.

Osha kwa maji safi bila kusugua, yakauke kivulini juu ya chekecheke au kitambaa. Kwenye friji, yakipangwa tabaka moja ndani ya bakuli lililofunikwa, yatafika wiki moja hivi yakiwa mazuri, mradi hayakupondeka. Yaliyopondeka hata friji haiyasaidii. Kwenye friza, usigandishe bibo zima kama unataka kulila baadaye, maana likiyeyuka linakuwa tepetepe. Gandisha juisi, au nyama iliyokwisha kupikwa, kwenye mifuko midogo midogo.

Hatua ya 6: Kuondoa ukakasi

Ukakasi unatokana na tanini, na tanini nyingi iko kwenye ngozi na karibu nayo. Kabla ya kuanza, weka pembeni sufuria za chuma cha kawaida na za shaba: tanini ikikutana na chuma, juisi inageuka nyeusi na kuwa na ladha ya msumari. Tumia chuma kisichoshika kutu, plastiki ya chakula au kioo.

Kwa kupika na kukausha, ninatumia chumvi. Lita 1 ya maji, gramu 20 za chumvi, sawa na vijiko vya chai vitatu vya kufuta. Maji yakichemka, tia mabibo yaliyokatwa vipande, yapike dakika tano, mwaga maji, suuza. Ukionja na bado yanakaba, rudia kwa maji mapya.

Kwa jemu, mvuke ni bora kwa sababu hautoi utamu: weka mabibo kwenye chujio juu ya maji yanayochemka, funika, dakika 10 hadi 15.

Kwa juisi, njia ninayoipenda ni ya wanga, nayo haihitaji dawa ya dukani. Chukua vijiko vya chai viwili visivyojaa vya unga wa muhogo uliochekechwa vizuri, upike na nusu kikombe cha maji mpaka uwe uji mwepesi unaong'aa, uache upoe kabisa. Kiasi hicho kinatosha lita 1 ya juisi. Mimina polepole huku ukikoroga, kisha acha itulie nusu saa. Utaona mawingu yanajikusanya na kuzama: wanga umeshikana na tanini. Teka juu juu ile iliyo safi, chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, masalia yabaki chini. Asiye na muhogo atumie uji mwepesi wa mchele. Mti wenye ukali sana unaweza kuhitaji kurudiwa, lakini ukirudia mara ya tatu, mti huo si wa juisi, ubadilishie kitambaa.

Hatua ya 7: Kutumia

*Juisi.* Kata mabibo, yaponde kwenye kinu cha mbao au uyakamue kwa mkono ndani ya kitambaa. Kwa mkono, kilo 10 hutoa lita tano hivi, mashine ya kukamulia inatoa zaidi. Ondoa ukakasi kama nilivyoeleza, kisha tia maji ya ndimu, vijiko vinne vya chakula kwa lita. Ndimu si ya ladha tu, inaongeza uchachu unaozuia vijidudu. Pasha moto mpaka pembeni mwa sufuria paanze kutoa vipovu, ushushe kabla haijachemka kwa nguvu. Juisi ya bibo ina vitamini C mara nne au tano ya machungwa, na kuichemsha muda mrefu ni kuitupa hiyo vitamini. Tia kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, funga ikiwa ya moto, weka kwenye friji ikishapoa. Usiiache mezani usiku kucha bila kuipasha, maana kesho utakuwa na uraka, yaani pombe ya mabibo, na watoto hawana kazi nao.

*Sharubati.* Hii ndiyo ya kutunza bila friji. Lita 1 ya juisi iliyosafishwa, kilo 1.5 za sukari, ndimu ileile. Pasha mpaka sukari iyeyuke yote, chuja, tia kwenye chupa ikiwa ya moto. Wakati wa kunywa, sehemu moja kwa maji sehemu nne.

*Jemu.* Kilo 1 ya nyama iliyopikwa kwa mvuke na kupondwa, kilo 1 ya sukari, ndimu mbili. Bibo peke yake huchelewa kuganda. Kuna embe nyingi bichi wakati huohuo, kwa hiyo kuna moja na uitie ndani yake. Embe bichi ndiyo itakayoigandisha. Koroga bila kuondoka. Dondosha tone kwenye sahani baridi: likibaki mahali pake, jemu imeiva.

*Mchuzi wa nazi.* Hapa ndipo yale mabibo magumu yanapopata heshima. Yakishapikwa kwa chumvi, yakamue maji, yachane kwa vidole upate nyuzi. Kaanga kitunguu, nyanya, bizari na pilipili, tia nyuzi, kisha tui zito mwishoni. Ukiongeza kamba wa Mikindani, mgeni atauliza ni nyama gani. Brazili, ambako mkorosho ulitoka kabla Wareno hawajauleta pwani yetu, hizo nyuzi hupikwa badala ya nyama hasa.

*Kukausha.* Kata robo kwa urefu, pika kwa chumvi, suuza, loweka usiku mmoja kwenye maji ya sukari yaliyokolea ukiyaweka kwenye friji, halafu tandaza kwenye chanja chenye chandarua juu na chini. Jua la Oktoba likiwa kali, siku tatu zinatosha. Ingiza ndani kila jioni kwa sababu ya umande. Kipande kikikunjwa bila kutoa maji wala kukatika, kiko tayari. Hifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa.

Ukitaka kuviuza dukani, utahitaji kibali cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na SIDO Mtwara, shirika la viwanda vidogo, ni pa kuanzia kuuliza habari za mafunzo na vifungashio.

Hatua ya 8: Machicha

Machicha yaliyobaki usiyarundike nyuma ya nyumba, yatakuletea nzi na harufu ya kilabu. Yaanike siku hiyohiyo mpaka yakauke kabisa, uyachanganye na pumba za mahindi kwa mbuzi au kuku. Anza na kidogo, sehemu moja kwa tisa za pumba, uone wanavyoyapokea. Tanini ikizidi hupunguza hamu yao ya kula. Yasiyokauka vizuri peleka kwenye shimo la mboji, changanya na majani makavu na majivu kidogo kupunguza uchachu.