Kabla hujajilinganisha na jamaa kwenye benchi presi
Wale mnaoulizana jimu "we unabenchi ngapi" (yaani ukilala chali kwenye benchi unasukuma chuma cha kilo ngapi kutoka kifuani), kilo peke yake haisemi kitu, gawanya kwanza kwa uzito wako wa mwili. Mtu wa kilo 60 anayesukuma 75 kakuzidi wewe wa kilo 95 unayesukuma 95, yeye ni 1.25 we ni 1 tu. Na zile za kudundisha chuma kifuani huku makalio yako hewani hazihesabiki jamani. Halafu si lazima ujaribu mzigo wa mwisho, ule unaouweza mara moja tu, kila wiki mpaka uumize bega, chukua uzito unaouweza mara 5 au 6, zidisha kwa idadi ya hizo mara, gawanya kwa 30, jumlisha na ule uzito, yaani ukisukuma kilo 80 mara 6, mzigo wako wa mwisho ni kama kilo 96, ni makadirio tu ila yanatosha (ukipita mara 10 hesabu inaanza kudanganya). Mwenye mikono mirefu msimcheke, chuma chake kinasafiri mbali zaidi. Ila benchi inapima kifua, bega la mbele na nyuma ya mkono basi, miguu, mgongo na pumzi haivijui kabisa, nishaona majamaa wanabenchi 120 afu ngazi za ghorofa mbili tu wanahema.