Kujaribu saketi ya pawasapulai kwenye kivinjari kabla ya kulehemu

Programu ya kuiga saketi ya Paul Falstad, ambayo Iain Sharp aliigeuza ili ifanye kazi ndani ya kivinjari, haina malipo wala haidai usajili, na ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Hapa tutaitumia kubadilisha mkondo geu wa transfoma ya volti 12 kuwa mkondo mnyoofu.

Hatua ya kwanza hufanyika kwenye karatasi. Zidisha 12 kwa 1.414 upate kilele cha wimbi, yaani takriban volti 17, kisha ondoa volti 1.4 zinazopotea katika dayodi mbili (vifaa vinavyopitisha mkondo upande mmoja tu) ambazo mkondo hupitia kila mara, zinabaki 15.6. Andika jibu hilo, kwa sababu asiye na hesabu yake mwenyewe ataamini chochote kitakachochorwa na programu.

Pili, fungua ukurasa mtupu uweke chanzo cha mkondo geu chenye ncha mbili. Jaza 17, si 12, kwa kuwa programu inauliza kilele, ilhali namba ya kwenye transfoma ni ile ambayo mita ya kawaida ingesoma. Masafa yawe hezi 50, kama ulivyo umeme wa gridi wa Afrika Mashariki.

Tatu, bonyeza herufi d uchore dayodi nne za daraja (mpangilio unaonyoosha nusu zote mbili za wimbi), r kwa rezista ya omu 150 itakayokuwa mzigo, na w kwa nyaya. Eathi, yaani nukta ya volti sifuri, iunganishwe upande hasi wa mzigo pekee; ukiiweka pia kwenye chanzo, utakuwa umeipiga shoti dayodi mojawapo, na mchoro utakaouona hautakuwa na maana.

Nne, bofya rezista kwa kitufe cha kulia uitazame kwenye oskiloskopu, yaani grafu ya volti kadiri muda unavyopita. Utaona vilima 100 kwa kila sekunde, vyenye kilele karibu na hesabu yako.

Sasa ongeza kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji na kujaza mabonde kati ya vilima, sambamba na mzigo, na hapa usiwe na haraka. Kwa mikrofaradi 100, volti hushuka hadi karibu 9.6 kati ya kilima na kilima. Kwa 1000, hushuka kwa chini kidogo ya volti 1, hivyo bonde linabaki kwenye 14.7 hivi. Ikiwa unakusudia kuweka rigyuleta ya 7812, kifaa kinachoshikilia volti 12 zisiyumbe, ambayo huhitaji takriban volti 2 zaidi ya 12 inazotoa, utadhani umefaulu. Punguza chanzo hadi 15.3, yaani umeme umeshuka kwa asilimia 10, uone kilele chenyewe kikiishia 13.9, chini ya 14 zinazohitajika. Hakuna kapasita, hata iwe kubwa kiasi gani, itakayookoa saketi hiyo. Kinachotakiwa ni transfoma ya volti 15.

Hatua ya mwisho ni kukagua yale ambayo programu haikuonyi. Rezista ya kwenye skrini haiungui, lakini weka kipanya juu yake usome nguvu: katika saketi ya chanzo cha 17 chenye kapasita ya 1000 ni takriban wati 1.5, kiasi ambacho rezista ya robo wati haiwezi kukistahimili. Vivyo hivyo kwa kapasita: transfoma ya volti 15 ina kilele cha 21, na isipokuwa na mzigo hupanda zaidi, kwa hiyo dukani ulizia ya volti 35.