Makataa kwa mdeni: yaandike, kisha yasimamie
Kama deni halizidi shilingi milioni 10, Uganda kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, ila kwanza mpe mdeni makataa ya maandishi ya siku 14. Taja kiasi, deni limetokana na nini, na hatua moja tu utakayochukua asipolipa: kufungua madai. Usimtishie polisi wala kumfungia duka. Kutolipa deni peke yake si jinai, na vitisho hukugeukia mwenyewe. Andaa nakala mbili, asaini yako na kuweka tarehe ya kupokea. Akikataa kusaini, mkabidhi mbele ya shahidi, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) anafaa. Akiomba muda zaidi, dai kwanza alipe sehemu na aandike ahadi.