Kutetea Mazingira kwa Kamera

Picha za bonde la Yosemite, huko California, Marekani, alizozipiga Carleton Watkins mwaka 1861 zilichangia kupatikana kwa sheria ya kulilinda bonde hilo, iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln mwaka 1864. Anayetaka kutetea mazingira kwa kamera achague sehemu moja, kama vile ukingo wa mto unaomomonyoka, airudie kila msimu, asimame palepale kwa lenzi ileile na saa ileile, ili tofauti inayoonekana itokane na mazingira yenyewe, wala si na mpiga picha. Aandike tarehe. Picha ya mnyama adimu aiondolee taarifa za mahali kabla ya kuisambaza, kwani majangili nao huzitafuta. Na iliyopatikana kwa kumfukuza ndege kiotani, naona isitumike kabisa.