SOMO: Kivumishi cha Kiingereza na kihusishi chake

Wakuu, inboksi imejaa swali lile lile: "different with au different from?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Nafundisha tuisheni Mtwara mjini, kwa hiyo mifano ni ya huku kwetu.

1. Kariri kivumishi na kihusishi chake (neno dogo kama of, in, for) kwa pamoja: afraid of, interested in, proud of, responsible for.

2. Usitafsiri "na". Ameolewa na: married to. Inafanana na: similar to. Tofauti na: different from.

3. Baada ya kihusishi, kitenzi huvaa -ing. Hapa someni taratibu, ndipo wengi wanapopoteza alama. "Ku-" yetu inabeba kazi ambazo Kiingereza kimezigawa. Mtoto wa Mikindani hodari wa kuogelea ni good at swimming. Sio good at swim, wala good at to swim. Hatari kubwa ni "to", kwa sababu ziko mbili. "Nimezoea kuamka alfajiri" ni I am used to waking up early. Ukiandika I used to wake up early, umesema zamani uliamka alfajiri, siku hizi huamki. Pima hivi: weka nomino baada ya to. I am used to the heat inakubali, basi hiyo ni kihusishi, kitenzi kipewe -ing. Ready to the market inakataa, basi andika ready to go.

4. Kihusishi kikibadilika, maana inahama. Kilwa Kisiwani is known for its ruins: sifa yake. It was known to Ibn Battuta: msafiri huyo wa Morocco aliifahamu, alifika mwaka 1331.

MASWALI

Mbanguaji: Good in English au good at English?
– At. Hatua ya 3. Soma kwanza.

Mwana Lindi: Mwalimu, mbona nimeona different to kwenye gazeti la Uingereza?
– Umeona sawa, na nafurahi unasoma magazeti. Waingereza wengi husema hivyo, na Wamarekani wana different than. From inakubalika kote, kwa hiyo kwenye mtihani andika hiyo.

Jembe77: Tuma PDF.
– Sina. Nakili kwa mkono.

Binti Newala: Shikamoo mwalimu. Angry with au angry about?
– Marahaba mwanangu. With kwa mtu, about kwa jambo: The farmers were angry with the buyer about the price. Mnada wa korosho ukianza, tunga sentensi zako tatu uniletee nisahihishe.

Mwana Lindi: Nyongeza wakuu: kamusi za wanaojifunza huandika kihusishi pembeni ya kivumishi, pamoja na mfano.
– Kweli kabisa. Chagua inayofanya kazi bila bando, maana huko Liwale mtandao unasumbua.

Binti Newala: Good for je?
– Yenye manufaa. Sulphur is good for cashew trees, maana salfa inazuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho.

Mbanguaji: Salfa mwaka huu mmeshapata huko?