Kabla hujaenda kupiga kasia Ziwa Superior na wahitimu wenzako

Mahafali ya Mei yakishapita, safari zinaanza. Mnachukuliwa kumi au kumi na wawili kutoka kikundi cha Wakristo chuoni, mnapelekwa Visiwa vya Apostle, Wisconsin, Marekani, mnapiga kasia siku tano, mnalala kwenye mahema, mnasoma Neno na kuombea maisha baada ya chuo. Nimeenda mara mbili. Ukialikwa, nenda. Ila soma hapa kwanza, hasa wewe uliyekulia Mwanza au Kisumu ukajiona maji unayajua.

Karatasi kwanza. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi, ombi la kibali cha kazi, ile OPT, litume kabla hujafunga begi. Dirisha linafunguliwa siku 90 kabla ya masomo kwisha na linafungwa siku 60 baada yake, na kule visiwani usitegemee simu. Usije ukawa juu ya mwamba unaimba tenzi huku tarehe inakupita.

Waage wa nyumbani. Mama akikukosa hewani siku tano ataitisha kikao cha ukoo.

Dawa zako, miwani ya akiba, dawa ya mbu. Mbu wa kule hawana malaria lakini wanauma kama wametumwa. Chakula chote, hata dawa ya meno, kisilale hemani, maana dubu weusi wapo, Kisiwa cha Stockton hasa. Maji ya ziwa hayana chumvi, lakini yachemshe.

Sasa nguo. Hapo nisikilize.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Jua linawaka. Kiongozi aligawa suti za mpira zinazobana mwili, za kukinga baridi ya maji. Yangu nikaikunja nikaisukumia ndani ya kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kasia, nikabaki na jinzi na fulana ya pamba, jaketi okozi juu yake. Nilisema inanibana mapaja. Ukweli ni kiburi: mimi mtoto wa Mwanza, naogelea Victoria tangu darasa la pili, nani wa kunivalisha mpira?

Tukafika kwenye mapango ya ufukweni. Pale wimbi linapiga mwamba, linarudi, linakutana na lingine linalokuja, maji yanaruka ovyo. Kayaki ikalala ubavu, nikaingia.

Maji ya Superior mwezi huo yanaweza kuwa chini ya nyuzi 10. Sikupiga hata kelele. Kifua kilivuta pumzi chenyewe, bila ruhusa yangu, na nusu ya nilichovuta ilikuwa maji. Kuogelea kote kulipotea; jaketi ndilo lililonishika juu. Dada mmoja aliyekuwa anamaliza uuguzi akanisogezea kayaki yake. Nikashika kamba. Naviona vidole vimeizunguka, lakini havikazi. Akaniambia, "Usipande bado. Pumua. Hesabu." Nikahesabu kwa Kisukuma, sijui kwa nini.

Jioni, nikiwa ndani ya mifuko miwili ya kulalia na bado natetemeka, kiongozi akatufundisha upya kanuni ambayo asubuhi sikuisikiliza: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, saa 1 hivi kabla hujazimia. Zote ni makadirio tu; mikono yangu ilinigomea mapema. Ile jinzi ilikauka siku ya tatu.

Kwa hiyo vaa suti, ikubane isikubane. Jinzi acha bwenini. Filimbi ifunge kwenye jaketi, si kwenye begi. Na kabla ya safari nenda bwawa la chuo, pinduka makusudi, ujifunze kupanda tena.

Kuna pia ile siku ya ukimya, kila mtu peke yake na Biblia na daftari kwa saa kadhaa. Beba sweta na kitu cha kukalia. Usiende ukitegemea kurudi na jina la mwajiri, mimi nilisinzia. Daftari liweke kwenye mfuko usiopitisha maji. Kiongozi akisema upepo umegeuka, hamvuki, msimbishie kwa mistari ya imani, hata kama ibada ya mwisho ilipangwa kisiwa cha pili na gitaa limeshatangulia huko.