Mambo ya kuzingatia kabla ya kuingia na baiskeli katika misitu ya Lubumbashi

Vijia vinavyopinda katikati ya miti ya miombo nje ya Lubumbashi havikuchongwa kwa ajili ya mchezo. Vimechongwa na nyayo na magurudumu ya watu wa kazi: wachoma makala (yaani mkaa), wenye mashamba ya mahindi, wafyatua matofali, akina mama wanaotafuta uyoga mvua zikishaanza. Kwa hiyo kabla ya kukagua breki au kujaza chupa ya maji, jiulize njia unayoitaka ni ya nani, na saa utakayopita wewe yeye atakuwa anaitumiaje.

Wenye haki ya kwanza ni wabeba makala. Wanatoka porini mapema sana ili waingie mjini asubuhi, kila baiskeli imepakiwa magunia mawili, matatu, pengine zaidi, na mwenyewe anaisukuma kwa mwili mzima. Mtu huyo akiteremka mlima hana namna ya kusimama ghafula, breki zake zikiwepo ni za kujifariji tu. Wewe unayepanda ndiye wa kutoka njiani, na utoke mapema, upande ulio na nafasi, si kusubiri hadi mkaribiane. Usimpite kwa kasi kutoka nyuma kwenye kijia chembamba. Akishtuka kidogo, mzigo unalala, na kuuinua peke yake ni shida kubwa. Sema "Jambo yenu, papa", pita taratibu. Kisha ukimkuta amepumzika kwenye kivuli, muulize habari za mbele. Yeye anajua daraja lipi limeoza na bonde lipi bado lina tope, wakati ramani ya simu inaonyesha mstari tu. Usimuulize lakini kama "ni karibu". Kwa anayesukuma magunia usiku kucha, kila mahali pasipo na mzigo ni karibu.

Chagua na msimu. Mvua za huku zinaanza kushika Oktoba au Novemba hadi Machi, wakati mwingine zinaingia Aprili. Udongo mwekundu ukilowa unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na mabonde ya nyasi yanatuamisha maji muda mrefu baada ya mvua kukatika. Radi nazo si za mchezo: mawingu yakisimama mchana, shuka kutoka kileleni, wala usijifiche chini ya mti uliosimama peke yake. Juni na Julai njia ni kavu na ngumu, ila alfajiri baridi inashuka chini ya nyuzi 10, vidole vinakufa ganzi juu ya breki. Glavu zina maana hapo. Kiangazi kikizidi pori linachomwa. Moshi unaziba mabonde, na vichipukizi vilivyokatwa na kuungua vinabaki visiki vidogo vikali vinavyopasua ubavu wa tairi. Ukiona moto upo upande upepo unakotoka, geuza, hata kama njia bado inaonekana wazi. Septemba na Oktoba miti ya miombo inatoa majani mekundu kabla ya mvua, na kwa macho yangu hakuna wakati mzuri zaidi, ila jua ni kali na kivuli ni kidogo. Tena karibu na mji kivuli hakipo kabisa: makala yameshakula msitu, na itakubidi uende mbali kabla ya kupata miti mikubwa.

Vilima vya Katanga, eneo hili la Lubumbashi, vina jambo lake ambalo mgeni halioni. Mji wenyewe uko kwenye mita 1,200 hivi, na ardhi inapanda na kushuka polepole, hivyo unaweza kudhani kila mwinuko ni wa kuchezea. Ukikuta kilima kipara katikati ya msitu, chenye nyasi fupi na maua madogo badala ya miti, pengine chini yake kuna shaba. Miti mingi haivumilii udongo wenye shaba nyingi, na mmea unaoitwa Haumaniastrum katangense unajulikana sana kwa kuota mahali kama hapo. Wachunguzi wa madini wamevifuata vilima vya namna hiyo tangu zamani, kwa hiyo mara nyingi pana mwenye kibali, uzio, au walinzi. Hata pasipo na uzio pana mashimo: mitaro ya zamani ya uchunguzi na visima vya wachimbaji wadogo, vimefunikwa na nyasi, havina alama. Usiteremke kilima cha aina hiyo nje ya kijia kinachotumika. Vichuguu pia, vile vinavyozidi urefu wa nyumba, vina mashimo ubavuni pale watu wanapochota udongo wa matofali, na vinaficha anayekuja upande wa pili. Piga kengele kabla ya kukizunguka.

Maji ubebe kutoka nyumbani. Watu wengi wanadhani kuchemsha au kutia dawa kunatosha, na kwa vijidudu ni kweli. Lakini mito kadhaa ya eneo hili inapita kwenye migodi na mitambo ya shaba na kobalti, na metali haiuawi kwa moto. Ukichemsha maji yakapungua, yanayobaki yana metali nyingi zaidi kwa kila lita. Kwa asubuhi nzima ya vilima beba lita 3, na wakati wa joto ongeza. Munkoyo, kinywaji cha mahindi, ukiuzwa kijijini ni kitamu na unatia nguvu, lakini maji yaliyotumika kuutengeneza huyajui, basi hiyo ni hesabu yako mwenyewe. Chakula si tatizo: ndizi, karanga, bukari (ugali) iliyobaki jana na chumvi kidogo.

Baiskeli yenyewe ikaguliwe jana yake, si asubuhi ya safari. Vumbi la huku linakula vitambaa vya breki na mnyororo, kwa hiyo pangusa mnyororo kwanza, tia mafuta machache, pangusa tena. Upepo wa tairi pana yenye mpira wa ndani uwe kilo 2 hivi. Ukipunguza sana ili ushike changarawe, rimu itaubana mpira kwenye jiwe na kuutoboa matundu mawili pacha. Beba mipira miwili, viraka, pampu, kiungo cha akiba cha mnyororo, na kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia mtambo wa gia wa nyuma, maana kikipinda porini umeishiwa. Mafundi wa kinga, yaani baiskeli, wapo hadi vijijini, na ni hodari, lakini vifaa vyao ni vya baiskeli za kazi. Wana mpira wa inchi 28, na huo ukivutwa unaweza kukufikisha nyumbani ndani ya tairi la inchi 29. Shida ni vali: pampu yao inaweza isishike ya kwako. Nunua mjini kile kiunganishi kidogo cha shaba, ukifunge kwenye fremu kwa utepe.

Kofia ngumu ni lazima, na viatu vifunike vidole. Kifutu hupenda kulala njiani kwenye joto, na hakimbii akisikia mtu. Usinyanyue baiskeli nyasini bila kutazama. Mbwa akikukimbilia, shuka, weka baiskeli kati yako na yeye. Akiuma, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje kuona kama mbwa ataugua.

Kadi ya mpiga kura iwe mfukoni. Usipige picha kwenye kizuizi cha barabarani, darajani wala mgodini, na kamera ya kofia izime kabla hujafika, kwani kuizima mbele ya askari kunaonekana vibaya kuliko kuiacha. Ukiingia kijijini shuka, salimia, uliza nyumba ya mkubwa wa kijiji, sema unapita kwenda wapi. Pakua ramani ungali na mega za intaneti, kwa sababu mtandao unapotea mapema kuliko unavyodhani.

Mwisho, saa. Juni jua linazama muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili jioni, Desemba mnamo saa kumi na mbili na nusu. Panga uwe umegeuka kurudi saa sita mchana. Mwachie mtu wa nyumbani jina la kijiji cha mbali utakachofika, njia ya kwenda, njia ya kurudi, na saa ambayo asipokusikia aanze kupiga simu. Mpe na namba ya mtu wa motari (pikipiki) anayekubali kufuata watu porini, na umwachie pesa za mafuta mkononi, kwa faranga.